Mama Mkwe na Nyumba Isiyo na Paa

Rwamishenye, Jumatano. Mvua tangu alfajiri, na moyo wangu mzito.

Leo sikwenda kushona. Baraza ninapoweka cherehani ilijaa maji, nikabaki nyumbani. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa raha. Kwetu ni balaa, maana mimi nikiwa ndani, mama mkwe hali chakula.

Ndivyo tulivyolelewa sisi Wahaya. Mama hafungui kinywa kula mbele ya mume wa binti yake, na kwa huyu wangu hata pazia likiwa katikati halisaidii. Tumepanga vyumba viwili tu. Jiko la uani linavuja, na yeye miguu ilikufa tangu alipougua. Basi kila siku natoka asubuhi na kurudi jioni, kazi iwepo isiwepo, ili mzee wa watu apate kula.

Kibanda chake cha kijijini Kishanda kiliangushwa na mvua. Wakati huohuo ikatangazwa kwamba serikali inajenga nyumba za kupangisha wazee na vilema hapahapa Rwamishenye, kodi ndogo, kila mtu na mlango wake. Tukamleta kwa machela tukiamini atakaa kwetu majuma machache. Kahawa imechumwa, imechanua tena, bado yuko nyuma ya pazia.

Kuta zipo. Paa hakuna.

Mabati, tunaambiwa, yako Mwanza yanangoja meli. Ndugu zetu wa Ijumbi walijitolea kuja kuezeka kwa nyasi, bure, wapewe rubisi tu, pombe yetu ya ndizi. Msimamizi wa ujenzi akakataa. Nyumba ya serikali haiezekwi kwa nyasi, afadhali ikae wazi inyeshewe! Akili hizo wamezisomea wapi? Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia hapa si la msimamizi.

Kufika saa tisa sikuvumilia tena. Tangu jana mchana mama hajatia kitu mdomoni. Nikamnong'oneza mke wangu, Kemilembe, ampakulie, nikakata jani la mgomba, nikajifunika kichwa na kutoka.

Miguu ikanipeleka kwenye zile nyumba. Ukuta wa chumba alichoahidiwa mama umelala chini. Matofali yalikuwa mabichi, yamekunywa mvua mpaka yamekuwa uji. Nilisimama pale nikalia, wala sioni haya kuliandika.

Nimerudi nimelowa chapachapa. Ndizi na maharage yako vilevile kwenye sahani, yamepoa.

"Amekataa," Kemilembe akaniambia. "Anasema mwana wa watu ananyeshewa kwa ajili yake, atamezaje?"

Ndipo mama mwenyewe akasema. Siku zote maneno yake kwangu hupitia kwa binti yake. Leo hakungoja, akanisihi kwa Kihaya akiniita baba.

"Tata, waitu, nirudishe Kishanda. Nitakula hata chini ya migomba."

Sikuweza kumwambia habari ya ukuta. Wala sikuweza kumwambia kwamba Kishanda nako hakuna hata nguzo iliyosimama. Nimeona aibu, nimeona hasira, na hasira yenyewe sijui nimpelekee nani.

Nimemjibu asubiri kidogo, kama wanavyotujibu wao.

Kukikucha, nimpeleke wapi?