Salamu kwa Figo Langu

3 Februari

Kwako mdogo wangu,

Hujambo huko jikoni? Mimi sijambo. Kidonda kimefunga, nimebaki na mshono ubavuni upande wa kushoto ambao wenzangu kiwandani wanauita zipu. Kila asubuhi wananiuliza kama nimeisahau wazi. Msimamizi hataki niguse msumeno wala gogo, kanipa fagio na lango. Basi mimi niliyekuwa nabeba mbao begani kama mtu anayekwenda kuoga na taulo lake, sasa nafagia unga wa mbao na kufungulia malori. Usinionee huruma. Nilijua ninachokitoa.

Nakuandikia kwa anwani ya shule unakopika kwa sababu simu yako ina masikio mengi. Nikipiga anapokea mumeo, na kila siku anasema uko bafuni. Hakuna binadamu anayeoga kiasi hicho. Isome barua hii huko huko kati ya masufuria yako, kisha iwashie moto.

Sasa niambie, figo langu halijambo? Mwambie shemeji anywe maji, limezoea maji. Asilipeleke kwenye pombe, mimi sikuwahi kulinywesha. Na vidonge je? Daktari alisema asubuhi na jioni, saa ile ile, maisha yake yote, la sivyo mwili wake utalipiga vita figo langu mpaka life. Uliahidi utavishika wewe. Endelea kuvishika, maana yule bwana hata soksi zake hajui zilipo.

Kaka yako, mwenye figo moja na mdomo ule ule

19 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya gunia la unga, wanafunzi wanagonga sahani nje kwa njaa. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa zamu akauliza kama nimepata bwana mwingine.

Figo lako lina afya kuliko mimi. Yule mtu aliyekuwa amevimba uso, asiyeweza kupanda ngazi za kliniki bila kunishika bega, sasa anabeba geti la chuma peke yake kutoka karakana mpaka kwenye gari. Anachomelea kutwa nzima na akirudi anakula chakula cha watu wawili. Vidonge nampa mwenyewe, anafungua mdomo tu kama kinda.

Namkumbuka alipokuwa mgonjwa, akitoka kusafishwa damu kwenye mashine. Alikuwa akikaa kitandani ananichambulia maharage. Aliniomba radhi kwa yote ya zamani, moja moja, huku analia. Ni kwa ajili ya mtu yule nilikupigia magoti. Namkumbuka sana, na najua ni ajabu kumkumbuka mtu unayelala naye nyumba moja.

Samahani kwa mwandiko. Kidole kilibanwa na mlango.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Usinijibu kwa mazoea, nijibu kwa kweli.

Mlango gani? Mimi ni mtu wa mbao, milango naijua. Mlango haumngoji mtu aliyeuzoea miaka yote ndipo umvunje kidole. Nimesoma sentensi ile mpaka karatasi imechakaa.

Sijasahau sikio lako, alipolirarua kwa kukuvuta hereni. Sijasahau kwamba nilimtwanga mbele ya wazee wetu na hawakunishika haraka. Kisha akaugua, akawa mpole kama uji, nawe ukaja na magoti yako. Ukasema, "Kaka, ugonjwa umemgeuza." Mimi nikajiambia mtu anayechambua maharage hapigi tena. Nikalala kwenye meza yao wakanipasua.

Niandikie ukweli. Usiponiandikia, nakuja kuusoma usoni mwako.

Kaka yako

11 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Umeniuliza kwa hasira, nami nakujibu polepole, usinikatize.

Alianza aliporudi karakana. Kwanza alikipiga kigoda teke kikavunjika. Kisha zikafuata sahani, kisha mimi. Kidole alikikunja nyuma mpaka kikalia kwa sababu nilimnyima chumvi. Nilikuwa nalilinda figo lako, daktari alikataza chumvi. Jumapili alinivuta kwa nywele kutoka jikoni mpaka uani, akanibamiza uso kwenye karo la kufulia. Jino moja limetoka na lingine linacheza. Shuleni nimewaambia niliteleza, na wote wamekubali haraka mno.

Lakini kaka, ngumi nimezizoea. Kinachonimaliza ni maneno. Akinipiga anasema, "Mshukuru kaka yako. Nguvu hizi ni zake. Anayekupiga ni kaka yako." Kila ngumi anakutaja wewe.

Nakuomba usije. Nakujua.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Naandika nimelala, taya limefungwa waya, kwa hiyo leo nitaongea kwa kalamu tu, na wauguzi wamefurahi.

Siku niliyokuja, wewe ulifika mwisho, ukajitupa juu yangu, ukala mateke yaliyobaki. Mwanzo hukuuona. Nilimkuta karakana ameinama. Nilikuwa na kipande cha mbao ngumu kutoka kiwandani. La kwanza nilimpa la bega, la pili la mgongo, akaangukia vyuma vyake. Nilifurahi, sitakudanganya. Nilitaka kumvunja mfupa kwa mfupa.

Akageuka, akapandisha shati. Figo wanalipandikiza kwa mbele, chini ya tumbo, upande wa kulia. Niliuona mshono wake. Akasema, "Piga hapa, shemeji. Si umekuja kupiga? Jipige mwenyewe."

Mkono ukaganda. Ubao uko juu na haushuki. Nilihisi kama nimeambiwa nimpige mtoto wangu mwenyewe. Yeye hakuganda. Aliokota nondo, akanipa ya taya, nikasikia mfupa ukikatika ndani ya sikio. Nilipoanguka alinizunguka taratibu akinitazama, akachagua. Hakupiga kichwa, hakupiga tumbo. Alipiga ubavu wa kulia, lilikobaki hili moja, kwa buti la kazi, pale pale, pale pale.

Nakojoa damu. Daktari anasema figo limechanika, huenda likapona na huenda lisipone. Lisipopona nitalala kwenye mashine aliyolala yeye.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko taya. Tangu uniandikie maneno yake, naitazama mikono yangu. Bila mimi angekuwa bado anachambua maharage. Kila alipokupiga nilikuwamo.

Basi fanya jambo moja. Vidonge viko mkononi mwako. Usimpe. Mpe vya mafua, mpe chokaa. Lifie humo humo ndani yake, nimeliruhusu.

Kaka yako

9 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo, na pole. Muuguzi ameniambia mkojo umeanza kusafika. Nililia nikiwa nimeshika mwiko, wanafunzi wakadhani ni kitunguu.

Hilo unaloniomba nililiwaza kabla hujaandika. Asubuhi iliyofuata baada ya karakana nilisimama na vidonge kiganjani. Maji ya chai yalikuwa yanachemka, na yeye alikuwa anafunga kamba za buti lile lile, damu yako imekaukia kwenye ncha. Nikataka kuvitupa motoni. Sikuweza. Usifikiri ni mapenzi. Mapenzi yaliisha nilipoona anachagua mahali pa kukupiga. Sikuweza kwa sababu tangu siku ya upasuaji nilikuwa nalilisha figo lako. Kila asubuhi nilikuwa namlisha kaka yangu.

Nikampa, akameza. Kisha nikapanga pakiti zote mezani, nikamwonyesha vya asubuhi na vya jioni. Nikamwambia, "Kuanzia leo utajilisha." Akanirushia kikombe cha chai ya moto. Shingo imebabuka, upande mmoja tu. Pakiti moja ilianguka, nikaiokota, nikairudisha mezani, nikatoka.

Mkuu wa bweni amenipa chumba nyuma ya bohari ya shule. Kina kitanda, ndoano ya nguo, na komeo la ndani ambalo nalifunga na kulifungua kwa raha tu. Jana alikuja. Alilitikisa lango akitukana, akamkaba mlinzi koo kupitia vyuma. Mlinzi alimpiga rungu kwenye kifundo cha mkono, tukasikia kimevunjika, akaondoka amekikumbatia. Nilitazama kutoka dirishani, kaka, na chakula changu nikakimaliza.

Pona. Sitaki kitu kingine.

Mdogo wako

14 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, figo lililobaki linafanya kazi ya wawili na halijanung'unika. Nimerudi langoni kwangu. Taya linatoa mlio nikitafuna, wenzangu wanasema sasa nina zipu na bawaba.

Leo nimepigiwa simu kutoka hospitali. Shemeji amerudi kwenye mashine. Mwanzoni alimeza vidonge, akajiona ana nguvu za kutosha, akaviacha. Siku nyingine alimeza viwili viwili kufidia. Mwili wake umelipiga figo langu mpaka limekufa. Nilikaa chini pale langoni nikalia, dereva wa lori akashuka akaniuliza nimefiwa na nani. Mimi ndiye niliyesema life. Lilipokufa kweli, nilitaka kukimbia huko nikaling'oe mwilini mwake kwa mikono yangu, likiwa zima au likiwa limekufa.

Sasa sikiliza. Shemeji anakuita. Anasema ana mke, na mke ana figo mbili. Kumbuka ulipimwa kabla yangu, damu zenu zikakubaliana, wakakurudisha kwa sababu ulikuwa umepungukiwa damu. Anasema sasa umenenepa, ameambiwa na watu. Anasema amebadilika. Analia, anaomba radhi moja moja.

Ndiyo maana naogopa. Aliyerudi ni yule wako wa maharage, yule uliyekuwa unamkumbuka. Nayajua magoti yako, mdogo wangu. Usiende. Nijibu upesi.

Kaka yako

2 Septemba

Mdogo wangu,

Hujanijibu. Nimepiga simu shuleni, mwenzako wa zamu akasema umeomba ruhusa, umekwenda hospitali. Akasema umevaa vizuri.

Kama umeshalala kitandani kwao, amka. Kama wamekuchoma sindano, amka nayo. Ukimpa atanyanyuka na nguvu zako, atakupiga kwa mikono yako mwenyewe, halafu utabaki na moja, naye anajua pa kulipigia. Mimi nilitoa figo, sasa nimeishiwa. Sina tena cha kutoa ila wewe, na wewe sikutoi.

Nisalimie. Hata neno moja.

Kaka yako

8 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Nina figo mbili. Naanza na hilo ili upumue.

Nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona nikiwa nimesimama mimi na amelala yeye. Uso umevimba, mikono imekonda, ngozi imekuwa ya kijivu. Aliponiona alilia. Akasema, "Mke wangu umekuja." Akaanza kuomba radhi: sikio, jino, kidole, shingo, hakuruka hata kimoja. Sitakudanganya, kaka, moyo ulinishtuka. Alikuwa ndiye kabisa.

Nikasogea, nikampandishia shati. Akatabasamu, akamwambia muuguzi, "Mnaona? Atanipa." Nikaweka kiganja changu chini ya tumbo lake, upande wa kulia. Daktari alishanieleza kwamba figo likifa si lazima walitoe, litabaki humo humo. Pana uvimbe mgumu kidogo, na pana joto. Nikalisemesha. Nikasema, "Shikamoo, kaka. Pole kwa kazi. Umefika mwisho."

Hapo akaelewa. Machozi yalikauka palepale. Alinikamata kwa mkono usio na mirija, akakitafuta kidole kile kile, akaanza kukikunja nyuma. Meno ameyauma, mishipa ya shingo imesimama, anavuta kwa nguvu zake zote, na kidole hakiendi popote. Nilimtazama usoni mpaka akachoka. Kisha nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja, nikauweka mkono juu ya shuka, nikachukua mkoba wangu.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilijua ungenizuia tena. Lakini nilipotoka nilisimama muda mrefu barabarani nje ya hospitali nikakuwaza, na mikono yako unayoitazama. Figo lako limekufa, kaka. Ndani ya mwili wake huna tena kitu kinachofanya kazi. Na bado alitaka kunivunja.

Kwa hiyo alikuwa yeye, tangu siku ya kwanza. Wewe hujawahi kunipiga.

Nakuja Jumamosi na basi la mchana. Nifungulie hilo lango lako.

Mdogo wako