Sura ya Asha Isiyo na Macho

Asha,

Una roho ngumu wewe. Wiki tatu! Wiki tatu nalala kila mchana baada ya kula, kwenye mkeka uleule wa barazani, nimekunyooshea miguu ili upate pa kukaa, na huji. Hata kiwete angekuwa ameshafika. Tangu tulipokuzika hukuwahi kukosa juma moja. Unakuja usingizini jua likiwa kali, unakaa penye nyayo zangu, unalalamika kwamba mbinzo za siku hizi ni ndogo, unaondoka. Nikiamka nasikia harufu ya moshi. Nimezoea. Mtu hamzoeshi mwenzake halafu akanyamaza hivi.

Sababu naijua, nitaifikia. Lakini kwanza acha nikugombeze, ni haki yangu. Miaka yote ile tuliuza viwavi hivyo vya mbinzo kwenye meza moja na hukuwahi kuniacha nimalize neno.

Anayeandika ni Rebeka, mjukuu wangu. Mimi nasema, yeye ananyoosha maneno kama walivyomfundisha shuleni. Nimemkataza kukata hata moja.

Bon. Mtoto wako amerudi. Zaina, yule uliyenyang'anywa na ndugu za baba yake akiwa bado ananyonya kidole, wakaenda naye Kindu. Alifika mwanzoni mwa mvua, mwanamke mzima, ana makalio yako. Akakaa, akalia kwa adabu, kisha akatoa kwenye mkoba karte yako ya uchaguzi, tuliyompelekea Kindu tulipokuzika. Asha, ile karte uliyokuwa unaificha kwenye sidiria pamoja na jasho lote la soko! Sura imekwisha. Yamebaki masikio mawili na kola ya blauzi. Katikati ni weupe mtupu. Na picha nyingine haiko, maana kila mpiga picha aliyesogea kwenye meza yetu ulijifunika kikwembe ukamtukana mpaka bibi yake.

Akaniuliza: « Mama mukubwa, mama yangu alikuwa namna gani? »

Mimi, na mdomo huu unaoujua, nikatafuta pa kuanzia. Nikamjibu: « Alikuwa na pua. »

Akacheka, maskini. Halafu akalia tena, safari hii bila adabu.

Donc kazi ikaanza. Rebeka anachora sura za watu kwenye tablette. Wenye matanga wanamletea picha ya marehemu, anaipaka upya, inachapwa kwenye tisheti za kilio. Nikamweleza sura yako siku nzima, kutoka nywele mpaka kidevu. Akanitolea bibi arusi wa televisheni, kope ndefu kama manyoya ya bata.

« Huyu ni nani? Huyu amewahi kubeba gunia? Leta hapa. »

Nilianza na kidole. Kioo hakikusikia. Vidole vyangu unavijua, moto wa kukaanga umevila. Nabonyeza, hakuna kitu. Nabonyeza tena, hakuna kitu. Rebeka akaanguka kwa kicheko: « Koko, inazani we njo mufu! » Eti kioo kinanidhania maiti. Akanipa kalamu isiyo na wino. Hiyo ikasikia.

Courant, umeme wetu huu, inatufikia saa sita mchana hivi, inakaa kidogo, inaondoka inavyotaka. Nilijifunza katikati ya hapo. Siku ya kwanza nilivuta picha karibu mno, nikachora tundu moja la pua mpaka jioni. Tulipoirudisha mbali lilikuwa kubwa kama pirogi ya mtoni. Kuna kitu wanaita couches. Unachora paji la uso kwenye jani moja, mdomo kwenye jani lingine, unayalaza moja juu ya jingine kama majani ya kufungia kwanga ya muhogo. Ukikosea unatoa jani moja, mengine hayasikii. Na kuna mshale: ukiugusa, kosa linarudi lilikotoka. Ningeupata huo nikiwa msichana, nisingeolewa na yule.

Ngozi ilinitesa. Nilikupaka kahawia, ukatoka kama ukuta. Nikakumbuka mawese yanavyokuwa sufuriani kabla hayajachemka. Nikaweka wekundu chini, kahawia juu yake, na kijani kidogo sana chini ya kidevu. Uso ukapata damu. Rebeka akasogeza uso karibu na kioo, na mimi nikajivuna juma zima.

Sasa sikiliza.

Siku niliyomaliza paji la uso, na lile kovu la mchi, ulinijia mchana umeshusha kitambaa mpaka kwenye nyusi. Nikafikiri una homa.

Siku niliyomaliza mdomo, na lile pengo, na namna ulivyouma mdomo wa chini mteja akitusumbua, ulikuja umeuziba kwa mkono. Hukulalamikia mbinzo. Nilipoamka nikataka kukumbuka unavyocheka. Asha, hapakuwa na kitu. Kulikuwa na kicheko, mdomo haukuwepo. Ilinibidi niende kuangalia kwenye tablette, kama mgeni.

Siku ya pua na mashavu, ulikaa ukanipa mgongo.

Hapo nikaelewa. Nilidhani nakuchora, kumbe nakuhamisha. Kila jani nililolaza kule, huku kwangu linang'oka.

Yalikuwa yamebaki macho. Nikaweka kalamu chini.

Nikasema hapana. Macho nabaki nayo mimi. Zaina akipita namwambia courant haiko. Akipita tena, kalamu imechoka. Akipita tena, mkono unaniuma. Anaitikia, « Haina shida, Mama mukubwa », anaondoka polepole, na mimi namtazama mgongo wake nikijiambia kwamba mtu anaweza kuishi bila uso wa mama yake, si ameishi hivyo mpaka leo? Rebeka akaniuliza: « Koko, unamubakisha vile, bila macho? » Nikamwambia afunge kinywa, aende kuchota maji.

Tangu siku hiyo hukuja. Nami nikanuna. Nimekubakishia macho yako, na bado unanikimbia?

Jana Rebeka alisinzia mchana ndani, kando ya tablette. Akaamka amekaa wima, jasho linamtoka kama mtu wa malaria. « Koko, kulikuwa mama moja hapa. » Anasema alikuwa na paji lako, pua yako, mdomo wako. Na hapa, na hapa, penye macho, ngozi tupu, laini, kama hapakuwahi kuwa na kitu. Alikuwa anapapasa mkeka. Anagusa miguu ya Rebeka, anaacha, anaigusa tena, kidole kwa kidole. Halafu akasema: « Hii haiko yake. » Akatambaa kuelekea mlangoni kutafuta yangu, akagonga ukuta.

Ukuta, Asha. Ulikuwa unagonga ukuta wa nyumba yangu mchana kweupe, na mimi barazani nanuna.

Basi njia niliifunga mimi. Mkono huu ndio uliokufumba macho asubuhi ile ulipokata roho. Mama yangu kule Yanonge alikuwa akisema mkono uliofumba macho ya maiti usije ukayafumbua. Nilijificha nyuma ya neno lake. Si kweli. Niliogopa kubaki peke yangu mchana, ndiyo yote.

Leo courant imekuja. Kesho Zaina anashika pikipiki mpaka Ubundu, kisha mto mpaka Kindu, na sijui kama tutaonana tena. Nikakaa chini. Nimeanza na jicho la kushoto, lile dogo. Weupe wake nimeupaka rangi ya majivu, kwa sababu ya moshi. Chini yake ule mkunjo ulioukataa maisha yako yote. Kisha la kulia. Mwishoni kuna nukta moja nyeupe, ndogo kama punje ya chumvi. Rebeka anasema bila hiyo jicho linabaki limekufa. Nikaigusa.

Ukanitazama. Rebeka akasogea nyuma mpaka mlangoni. Ulinitazama kama ulivyokuwa unatazama mtu aliyechelewa.

Nikafumba macho yangu, nikakutafuta ndani. Kuna kikwembe. Kuna mikono inachambua mbinzo. Juu ya shingo hakuna mtu.

Saa tisa Zaina akaja. Hakulia. Aliishika tablette kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, kisha akapandisha kidole akagusa jicho lake mwenyewe, la kushoto, dogo kama lako. « Kumbe njo huku lilitoka. » Mimi miezi hii yote nilikuwa nikimtazama na sikuliona. Rebeka amekuweka kwenye simu ya Zaina, na amekuchapa kwenye karatasi ngumu, Zaina amekufunga katikati ya nguo zake.

Alipoondoka nikamwambia Rebeka afute picha iliyobaki hapa. Amekataa. Amenililia. Amefuta. Sitaki uvutwe huku na huku kama mbuzi wa watu wawili.

Sitakuita tena, nakuahidi. Mchana nitalala miguu nimeikunja. Wakiniuliza ulikuwa namna gani nitawasimulia kazi zako na matusi yako, sura nitawaambia wakaombe Kindu. Nenda, mwenzangu. Ulinipunguzia mzigo miaka mingi, na sikukushukuru kwa sababu hukunipa nafasi ya kusema.

Sasa shika neno hili. Ukienda tena kutembea, usipite kwangu, nenda moja kwa moja kwa Zaina. Yeye hajakuzoea, usimkalie kimya, atapiga kelele majirani wajae. Kohoa kwanza. Mwambie jina lako lote. Halafu mkaripie kuhusu nywele zake, amezisuka ovyo kabisa, ili ajue ni mama yake.