Kamba ya Magunia Mabovu

Mjukuu wangu Sesilia,

Marahaba. Babu yako anakohoa kidogo, lakini chakula hakimshindi. Unauliza ufanyeje wenzako chuoni wanapocheka mazulia yako ya nyuzi za mabaki.

Enzi za Mwingereza nilisoma shule ya misheni, Tabora. Nilijua Kinyamwezi na Kiswahili, ila haya ilinifunga mdomo katika lugha zote mbili. Kabla ya mashindano ya kuvuta kamba na wasichana wa shule ya Tura, kamba yetu ya dukani ikakatika. Mchezo ungefutwa. Nikafumua magunia mabovu, nikachanganya na magome ya miti ya miyombo niliyoloweka. Kamba husokotwa pajani, kwa hiyo nilipandisha sketi mbele ya wote.

"Hee, mtu wa Itetemia! Tuvute takataka?" wenzangu wakacheka, wakiniita kwa jina la kijiji chetu.

Nikazidi kusokota. Siku ya siku tukawaburuta wageni hadi upande wetu, na kamba haikukatika hata uzi mmoja!

Kesho yake waliocheka walikaa kando yangu, mapaja nje. "Dada, tufundishe." Na mimi, niliyeogopa sauti yangu mwenyewe, nikapaza: "Kaza mkono, wewe! Unampapasa paka?"

Bibi yako,
Itetemia