Nimekula Kuku wa Kiplombe Mbele ya Kanisa Zima

Eldoret, Jumapili

Mama yangu,

Goti linaendeleaje? Na ile dawa ya kupaka uliyopewa kliniki, unaipaka ama umeiweka kabatini inangoja wageni? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenishika kifua na watu wa huku wamenishika roho. Nimeona niandike kwa sababu kwa simu nikianza kueleza unaniuliza kama nimekula, halafu mtandao unapotea.

Unakijua kirusi changu. Kikimwingia kuku, mguu mmoja unanyooka mbele na mwingine nyuma, na ukimpasua unakuta ini limejaa uvimbe. Chanjo iko, na wafugaji wa Kiplombe wanachanja, lakini kuku bado wanakufa. Nilitaka kujua kama kirusi kimebadilika hadi chanjo haikiwezi tena. Kwa hiyo miaka hii yote nimekuwa nikikusanya vipande vya uvimbe na kuviweka kwa friza ya maabara.

Basi Ijumaa ya wiki iliyopita mkuu wetu wa idara alikuwa na wageni. Walipokosa mahali pa kuchomeka birika la chai, mtu akachomoa friza yangu. Chai ikanywewa, mandazi yakaliwa, wikendi ikaanza. Jumatatu nilipofungua mlango, harufu ilinipokea kabla sijaona maji sakafuni. Kila kitu kilikuwa kimeyeyuka na kuoza.

Nilienda kwa mkuu. Akaniambia, "Pole sana, Daktari. Lakini si kuku wako wengi tu?"

Mama, nilitoka zangu. Ningemjibu, leo ungekuwa unanipokea steji ya basi na masanduku yangu.

Nikapanda boda boda hadi Kiplombe kwa Mama Wambui, mfugaji aliyekuwa akinipa kuku wagonjwa wengi kuliko mtu yeyote. Nilimkuta akimwaga mayai kwa shimo. Hakunikaribisha.

"Umerudi kumaliza waliobaki?" akauliza.

Kumbe jirani yake alinisikia siku moja nikitaja uvimbe, akapeleka uvumi sokoni kwamba kuku wa Mama Wambui wana saratani na atakayekula mayai yao ataipata. Hoteli iliyokuwa ikichukua mayai yake imeacha. Nikamweleza kwamba kirusi hiki hakiambukizi watu.

"Sasa hata mimi nikikuamini," akasema, "nitanunua mayai yangu mwenyewe?"

Nilikasirika, sitakuficha. Nilisomea virusi, sikusomea kutangaza mayai! Lakini yule mama alikuwa akiyafukia kwa jembe, moja moja, kama anazika. Nikamwambia achinje kuku asiyeugua kutoka banda lile lile, apike na mayai, tupeleke kanisani kwao.

Leo baada ya ibada mchungaji alinipa nafasi. Nikaeleza vizuri kabisa, na hakuna hata mmoja aliyesogea karibu na sufuria. Basi nikaacha kueleza, nikaketi, nikala. Mama, hakuna kazi ngumu kama kutafuna paja huku kanisa zima linakutazama koo. Mzee mmoja wa mbele akatangaza, "Amemeza." Watu wakacheka. Mwenye hoteli mwenyewe akainuka, akachukua yai, akalinusa, akalila. Kufumba na kufumbua sufuria ilikuwa tupu, na mimi bado nina njaa.

Tuliporudi kwake, Mama Wambui aliingia bandani, akatoka na kuku anayeburuta mguu, akaniwekea mikononi.

"Chukua. Lakini safari hii ukipata jibu, nilisikie kwako kabla ya jirani."

Nikamwahidi. Kwa hiyo Krismasi usinitarajie mapema. Kazi ya miaka yote ninaianza upya na kuku mmoja, na nimechoka, lakini sitaki mtu mwingine apate jibu la kirusi hiki kabla yangu.

Nisalimie dada Apiyo, kifungua mimba wako, umwambie mimi si daktari wa watu, aache kunipigia kuhusu homa za watoto. Mjomba Ouma naye umwambie mbuzi wake nitawaangalia nikifika, ila asinisubiri ndipo awaitie daktari wa mifugo. Na wewe paka dawa, tafadhali.

Mungu akuweke hadi tuonane.

Binti yako asiye na subira,
Akinyi