Landrova Yetu Siitoi

Bi. Anyitike, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia mikono ikiwa bado na grisi, kwa hiyo uniwie radhi karatasi ikichafuka.

Mimi ni mjane wa hapa Idodi, jina langu Tekla, mume wangu Philbert Kalinga alifariki mwaka juzi akaniacha na watoto watatu na Landrova kuukuu tuliyoinunua kwa bwana shamba mmoja aliyekuwa anahama, nusu ya fedha ilitoka kwenye mpunga wa marehemu na nusu kwenye nguruwe wangu, na stakabadhi ina majina yetu wote wawili. Kuendesha alinifundisha mwenyewe, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na tangu afariki mimi ndiye ninayepeleka mpunga wa watu Iringa na wagonjwa hospitali ya Tosamaganga. Sikufichi, gari limezeeka: gia ya tatu inachomoka mpaka niishikilie kwa mkono, springi ya nyuma nimeifunga kwa mipira ya tairi, tangi la petroli linavuja nami naliziba kwa sabuni, na breki hushika ukikanyaga mara tatu. Lakini linatembea.

Mwezi wa sita likachemka, likazima, likakataa kabisa kuwaka. Shemeji yangu Saulo, mdogo wake marehemu, akamleta fundi kutoka mjini, naye akafungua boneti, akachungulia kidogo tu, akasema, "Mama, injini imekufa. Nyingine ni shilingi elfu tatu na mia tano, ufundi mbali." Nikalia, maana hata nikiuza nyumba sizipati. Saulo akaniambia nisihangaike, kuna mchimba dhahabu wa Chunya atalichukua kama chuma chakavu kwa mia sita.

Jambo lile halikuniingia akilini, nikapanda basi mpaka Kalenga kwa mzee Kasian, aliyekuwa fundi wa magari ya kutengeneza barabara kabla hajastaafu, nikamwomba aje. Akafungua silinda hedi, akanionyesha gasketi iliyoungua, akacheka. "Mwanangu, nani kakwambia hii imekufa? Imeungua karatasi tu." Gasketi shilingi arobaini, ujira wake akataka debe la mpunga, nati zote nikakaza mimi yeye akinielekeza, na siku ya pili yake injini ikanguruma mpaka kuku wakakimbia.

Nilipomwambia Saulo hakufurahi hata kidogo, ndipo nikashituka, nikaulizaulizia, nikajua: alikuwa amekwisha pokea fedha za yule mchimbaji, si mia sita bali elfu mbili, na fundi wake alipewa fungu lake ili aniambie injini imekufa. Jumamosi asubuhi Saulo na mchimbaji wakaja na dereva kulichukua. Nami nilikuwa nimekwisha chomoa rota, kile kidude kidogo kinachogawa moto kwenye plagi, nimekifunga kwenye pindo la kanga. Dereva akazungusha handeli mpaka shati likalowa. Saulo akasema, "Shemeji, toa ulichoficha." Nikamjibu mbele ya majirani wote, "Sitoi. Kama ni lako, liwashe!" Mchimbaji akadai fedha zake pale pale, na Saulo akaumbuka.

Sasa, Bi. Anyitike, shida yangu ni mama mkwe, Bibi Matilda, aliyenilea kama bintiye tangu nilipoolewa, maana tangu siku ile hali chakula changu, anasema nimemvua nguo mwanawe hadharani na lazima nimpigie magoti Saulo, la sivyo nirudi kwetu, na ukoo unakaa kikao mwisho wa mwezi huu. Nikipiga magoti nimekiri kwamba gari si langu, nisipopiga nampoteza mama. Nifanyeje? Nakwambia ukweli, magoti yenyewe hayataki kukunjika.

Tekla Kalinga,
Idodi, Agosti 1975

Marahaba, Tekla. Hayo magoti yaache kama yalivyo. Shemeji yako hakutaka kukupunguzia mzigo, alitaka kukuibia, na aibu aliyoipata aliitafuta kwa miguu yake. Usimwombe radhi. Wala usiseme "basi yaishe", maana kikaoni neno hilo ndilo watakaloliandika.

Lakini na wewe nitakusema. Breki za kukanyaga mara tatu! Unapakia wagonjwa, unashuka nao vilima, halafu unajisifu kwamba linatembea? Kutembea si kazi, kazi ni kusimama. Siku utakapomgonga mtoto wa mtu, Saulo hatahitaji fundi mwongo ili akunyang'anye. Kuanzia leo usipakie mtu. Mwite tena mzee Kasian atengeneze pampu ya breki na abadilishe raba zake, na kama hazipo dukani, ngoja zije. Baada ya hapo springi, kisha tangi. Gia ya tatu endelea kuishikilia, haijaua mtu.

Tena nimeisoma barua yako mara mbili, sijaona mahali ulipokaa na Bibi Matilda ukamweleza. Anajua nini yeye? Aliona mkwe wake anamfokea mwanawe mbele ya watu, basi. Mama huyo amezika mtoto mmoja, leo anaona wa pili anachekwa. Nenda kwake kabla ya kikao, wewe na mzee Kasian, umweleze habari za fundi, za elfu mbili, zote. Kisha umwombe radhi yeye, kwa uchungu alioupata. Yeye peke yake. Katika radhi hiyo Saulo asitajwe.

Stakabadhi usiilaze nyumbani, mpe mtu unayemwamini. Kikaoni ichukue, isome kwa sauti, uwaambie asiyeridhika mkutane mahakama ya mwanzo. Wakikwambia urudi kwenu, wajibu kwamba kwenu ni hapo, ulipomzika mumeo na ulipowazaa wanao. Uyaseme hayo ukiwa umekaa kwenye kiti, kama wanaume wanavyokaa, na usiondoke mpaka wa mwisho wao awe amekwenda.