Mikono Mfukoni

Kibondo, 4 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakusihi, lolote utakalosoma humu libaki kwako, hata baba asilisikie. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Makere? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaoumwa.

Mikono yangu inatetemeka mbele za watu. Wazee wanaoleta maharage hapa kwenye chama chetu cha wakulima husimama dirishani, wakainama na kupiga makofi taratibu, ile salamu yetu sisi Waha. Mimi najibu kwa mdomo tu, mikono iko mfukoni. Wanasema karani ana dharau. Meneja, Bwana Hilali, ameniambia mwezi huu ukiisha ataamua kama nabaki kazini.

Chuoni nilisoma saikolojia. Jina la hofu hii nalijua, na bado inanishinda. Asubuhi ukungu ukishuka juu ya mji, natamani usiondoke, nitembee ndani yake siku nzima bila kuonekana.

Mwanao,
Pasikali

Makere, 12 Machi 2024

Pasikali mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika, lakini shambani nafika. Baba yako hajui kitu.

Unangoja hofu iishe ndipo usalimie watu. Utangoja sana. Nilipokuwa napika kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, mshauri mmoja, mama Consolée, alikuwa akimsaidia binti aliyekataa kutoka nje. Hakumwuliza anaogopa nini. Alimwambia, "Twende tu bombani, moyo utatukuta huko." Walienda polepole, wakarudi na maji.

Nawe toka nyuma ya hilo dirisha. Piga salamu nzima, usiikatize. Mikono ikipiga makofi, nani atajua kwamba inatetemeka?

Shangazi yako,
Niyubahwe

Kibondo, 3 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje na baridi? Nisamehe kwa kimya. Kila asubuhi nilifika hadi mlangoni, nikarudi kukaa.

Alhamisi nilitoka. Bibi Pascasie, mmoja wa wale wazee wa maharage, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Niliinama, nikapiga makofi. Alinitazama kwanza.

"Kumbe unayo mikono," akasema. "Tulidhani uliiacha chuoni."

Watu wakacheka. Kisha naye akaanza, taratibu, akiniuliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe ambao sina. Waliokuwa nyuma yake wakaitikia, na makofi yakawa kama mvua inayoanza juu ya migomba. Shangazi, sijui tulisimama pale muda gani. Nilikuwa kama mtu anayeelea.

Bwana Hilali, mtu wa pwani, akachungulia. "Karani, mtamaliza lini?"

"Subiri zamu yako, mwanangu," bibi akamjibu.

Akasubiri. Jana aliniambia nibaki, ila kuanzia sasa meza yangu ikae nje, barazani.

Hofu haijaondoka. Leo imeamka nami, tukaja kazini pamoja.

Njoo unione. Panda gari la asubuhi kutoka Kasulu, ushuke stendi ya Kibondo. Usipige simu, mlio wake bado unanishtua. Fuata barabara ya sokoni hadi jengo lenye bati la kijani. Usiulize mtu. Utaniona kabla hujafika.

Mwanao,
Pasikali