Matofali ya Tanuri la Mikate

Mjukuu wangu Nakunda, marahaba. Nina miaka themanini na mbili, na mafundi wote wa Maore walionicheka nimeshawazika. Bibi yako hajambo, mbuzi wamezaa.

Umeuliza mbona matofali ya tanuri lako yanapasuka. Yangu nayo yalipasuka, mara mbili, mafundi wakanicheka, na nilikuwa nimeahidi kanisani mikate ya Pasaka. Jirani yetu Mama Eliakunda alikuwa mfinyanzi wa vyungu, lakini mimi, fundi wa nyumba, nimuulize mwanamke habari za udongo? Mwisho nikaenda.

“Fundi, leo umepotea njia?”

“Nimekuja kuuliza.”

Akanipa vigae vya vyungu vilivyovunjika. “Viponde, chekecha, changanya na udongo. Hivi vimeshaungua, havisinyai tena. Anika matofali kivulini, na moto uanze mdogo.”

Mikate ikaiva. Tanuri lipo hadi leo, watu wanasifu akili yangu, nami sijawahi kuwasahihisha. Wewe ukijenga lako upya, mtaje yeye.

Ukidhani nimechanganyikiwa, muulize bibi yako. Mama Eliakunda alikuwa mama yake, na bibi yako, siku hizo bado binti wa kwao, ndiye aliyenishikia chekeche, akanyamaza miaka yote hii.

Babu yako.